Mpenzi, Shabiki na Mtani

Watangazaji wetu wa redio wana msemo ambao wameurudia tangu enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam mpaka leo: "wapenzi na mashabiki". Wapenzi na mashabiki wa soka. Wapenzi na mashabiki wa muziki wa dansi. Husemwa kwa pumzi moja, kana kwamba maneno hayo mawili ni pacha. Mimi nimekuwa msikilizaji wa redio hapa Singida kwa miaka mingi, na kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba wawili hao ni watoto wa baba mmoja na mama tofauti, na aghalabu hawapatani.

Mpenzi hukipenda kitu kwa sababu anakijua. Shabiki hupenda upande. Bendi ikipiga ovyo, mpenzi wake atakunja uso na kurudi nyumbani mapema. Shabiki atacheza mpaka alfajiri, maana alichokifuata ukumbini ni kuhesabu kwamba bendi yake imejaza watu kuliko ile nyingine. Timu ikicheza vibaya na kushinda, shabiki analala usingizi mnono, na mpenzi anajigeuza kitandani. Sisemi kwamba kuna watu wa aina mbili hapa duniani. Kila mmoja wetu anao wote wawili moyoni. Swali ni yupi kati yao aliyekalia kiti cha mbele. Naomba, msomaji wangu, tuwapime katika mambo manne niliyoyafuata maisha yangu yote: dansi, santuri, mpira na siasa.

Kwanza nieleze tulivyojifunza kusikiliza. Singida ni mkoa wa katikati ya nchi. Reli ya Kati inapita kusini, Manyoni na Itigi. Barabara iendayo Mwanza inapita mjini kwetu, kati ya mawe makubwa na maziwa mawili ya Singidani na Kindai. Hatukupata kuwa na bendi iliyovuma nchi nzima kama Morogoro Jazz ya Morogoro au Tabora Jazz ya Tabora. Muziki ulitufikia kwa njia mbili, redio na ziara, na ziara zilikuwa chache. Kwa hiyo ilikuwa redio. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati ili zipate nguvu ya jioni moja zaidi, na jioni hiyo tuliitunzia kipindi cha Klabu Raha Leo Show. Watu kumi au kumi na watano walikaa barazani kwa mtu mmoja mwenye redio, na aliyeongea wakati wimbo unaendelea alifukuzwa.

Umbali huo ulitufaa. Mtu wa Dar es Salaam aliijua bendi kwa sare zake, kwa ukumbi wake, kwa binamu yake apigaye besi. Sisi hatukujua Hassan Rehani Bitchuka ana urefu gani wala anavaa viatu gani. Tulijua sauti yake tu: nyembamba, inayopanda bila kujikaza, kama moshi wa asubuhi usio na upepo. Tukajua pia kwamba chini yake kuna sauti nyingine nzito, ya Muhiddin Maalim Gurumo, inayoishikilia ile ya juu isipotee hewani. Asiye na macho ya kutazama jukwaa hulazimika kuwa na masikio.

Na tulihitaji masikio, kwa sababu upinzani wa bendi zile mbili kubwa ulikuwa wa kusikiliza. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina, bendi ilibadilika nacho: ikawa JUWATA, kisha OTTU, na mwishowe Msondo Ngoma. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, kwanza chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi, baadaye chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, yaani DDC. Mlimani ikawachukua Gurumo na Bitchuka kutoka JUWATA, ikampata mpiga gitaa Abel Balthazar, ikampata Michael Enoch aliyekwisha kuwafundisha wengi, ikajiita Sikinde. Sikinde ni jina la ngoma ya Wazaramo, na msondo nao ni ngoma ya huko huko Pwani. Tangu mwanzo, basi, watu wa nyumba moja waligawana vyombo na majina ya nyumba hiyo hiyo, wakaanza kushindana.

Nikiulizwa nani zaidi, husema hivi. Sikinde ya miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa bendi ya msimulizi. Magitaa yalipishana bila kugongana, kila moja likiwa na sentensi yake. Tarumbeta na saksafoni ziliingia pale tu waimbaji walipomaliza kusema jambo, kama wazee wanaoitikia. Wimbo ulichukua muda wake kueleza ugomvi wa ndoa, mshahara uliokwisha tarehe kumi, ndugu aliyekufa mbali, ndipo ukafunguka watu wacheze. Msondo ilikuwa nzito zaidi, iliyokaa chini karibu na tumba; haikukueleza shida, ilikukalisha ndani yake. Ukitaka kulia ulikwenda Sikinde. Ukitaka kujua kwamba hulii peke yako ulikwenda Msondo. Hiyo ni hukumu yangu, na nimekwisha kubishana nayo na watu wengi hapa mjini bila kugombana na hata mmoja.

Mwaka 1985 Gurumo na Bitchuka wakahama tena, safari hii wakaenda Orchestra Safari Sound na mtindo wake wa Ndekule. Na miaka michache baadaye Gurumo akarudi kwenye bendi yake ya kale. Mashabiki walimwita msaliti kila alipofungasha. Wapenzi walifungua redio kusikia kilichotokea. Na kilichotokea kila mara ni kwamba bendi iliyoachwa ililazimika kutunga upya na kutafuta sauti mpya, ilhali bendi iliyopokea ililazimika kuthibitisha kwamba haikununua jina tupu. Bendi zetu hazikuwa na soko la maana la kuuza santuri, na mishahara yao ilikuwa midogo. Kilichozinoa ni kujua kwamba mtaa wa pili, usiku ule ule, kuna watu wanaoweza kukipiga kile kile vizuri zaidi.

Niseme sasa juu ya dansi lenyewe, maana nimesifu redio mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bendi moja kubwa ya Dar es Salaam, ambayo jina lake naliacha, ilipiga hapa Singida. Ilifika jioni imejaa vumbi la barabara ya Dodoma, vyombo vikashushwa, jenereta likawashwa, kiingilio kikapanda mlangoni kwa sababu watu walikuwa wengi. Walianza kwa uangalifu. Lakini mashabiki waliolipa hawakutaka simulizi. Walitaka ile sehemu ya mwisho ya kuchezea. Wakapiga kelele, na bendi ikawatii. Kuanzia wimbo wa nne kila kisa kilikatwa katikati. Ulikuwapo wimbo mmoja wa mume anayemlalamikia mkewe. Katika kanda tuliyoizoea, mke hupewa beti mbili kumjibu, na ndizo beti zinazoupa wimbo maana. Usiku ule mume alilalamika, magitaa yakaruka, watu wakacheza. Nilipotoka nje kupunga hewa, mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga mlangoni akaniuliza, "Kaka, mbona leo mke hajajibu?"

Mama yule hakulipa kiingilio wala hakuiona bendi. Lakini ukumbi mzima ule, kwa hesabu yangu, yeye ndiye aliyekuwa mpenzi. Alijua wimbo una pande mbili na akausubiri upande wa pili. Swali lake nimelibeba kwenda nalo mahali pengi ambako hapana gitaa.

Mwanamuziki aliyewaelewa watu kama yule mama ni Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Super Matimila. Kama ni kulinganisha koo, wapo waliomzidi. Sauti yake ilikwaruza. Lakini alisema na mnyonge bila kumbembeleza. Wakati UKIMWI unazika vijana na sisi katika miji ya barabara kuu tunanong'ona kwamba fulani amelogwa, yeye alitunga "Mambo kwa Soksi" na kuitaja kondomu hadharani. Redio ya taifa haikuupiga. Wimbo ukaenea hivyo hivyo, kwa dansi na kwa kanda. Naamini uliokoa watu, ingawa sina namna ya kuwahesabu. Ninachojua ni kwamba shabiki huenda dansini kusifiwa, na Remmy hakuwasifu waliomlipa. Aliwaambia wavae soksi. Na bado walirudi wiki iliyofuata. Alifariki Desemba 2010, na pale Sinza watu bado hushuka kituo kinachoitwa Kwa Remmy.

Tuje kwenye santuri. Ninazo chache, nyingi zikiwa zile ndogo za wimbo mmoja kila upande, na karibu zote zina mikwaruzo. Ukizigeuza na kusoma maandishi ya katikati utaona jambo la kushangaza: wanamuziki wa Tanzania, santuri za Nairobi. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza. Bendi zilifunga safari kwenda Kenya kurekodi, au zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania kwa ajili ya hewani. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa mpaka mwaka 1983, na njia ya santuri ikazibwa nao. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, mpiga solo ambaye mpaka leo sijasikia wa kumfanana kwa namna alivyofanya gitaa lizungumze kama mtu mwenye haraka na mwenye adabu kwa pamoja, alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko huko Kenya. Nina santuri zake tatu. Nikiweka sindano juu yake, mkwaruzo unasikika kabla ya gitaa, kama mtu anayekohoa mlangoni kabla ya kupiga hodi.

Baada ya santuri zikaja kanda, na hapa shabiki alituumiza kuliko serikali. Kila mji ulikuwa na duka la kunakili kanda. Uliandika orodha ya nyimbo, ukaacha kanda tupu, ukarudi jioni. Fedha ilibaki dukani. Aliyetunga wimbo hakupata hata ya sigara. Sheria mpya ya hakimiliki ilitungwa mwaka 1999, wakati wengi waliostahili kuneemeka nayo walikuwa wamezeeka au wamekufa. Marijani Rajabu, ambaye nchi nzima ilimwita Jabali la Muziki, aliondoka mwaka 1995. Hivi inawezekanaje jabali la taifa liimbwe kila harusi na lisiwe na haki juu ya kanda yake mwenyewe? Inawezekana pale taifa linapokuwa na mashabiki wengi na wapenzi wachache. Shabiki hudhani wimbo ni wake kwa kuwa anaupenda. Mpenzi anajua wimbo ni wa mtu, na mtu huyo anakula.

Si kwamba wapenzi hawakuwapo kabisa. Wengine walikuwa mbali. Nyimbo za zamani za Tanganyika zilikusanywa Marekani na John Storm Roberts katika miaka ya 1980. Kazi za Sikinde zilitolewa huko huko mwaka 1994. Wafaransa wana mfululizo mzima wa muziki wa Zanzibar na wa Bara. Hata Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, ambaye zeze na ilimba yake ni muziki wa watu wetu wa Manyoni vilevile, santuri yake ya Chibite ilitolewa Uingereza mwaka 1996, na siku hizo ingekuwa rahisi kuipata London kuliko Manyoni. Nimeisikiliza mara nyingi. Uzuri wake ni kwamba hakuna aliyejaribu kuipamba: sauti inashuka mpaka chini kabisa na kuruka juu ghafla, na ilimba inaendelea kudondoka kama mvua ya kwanza juu ya bati. Siwaonei wivu Waingereza kwa kuipenda. Naona uchungu kwamba Mgogo wa Manyoni alipaswa kuazima muziki wake kwa mgeni. Aliyehifadhi ndiye aliyependa. Na sehemu kubwa ya yale yaliyohifadhiwa hapa nchini imo katika kanda za maktaba ya redio ya taifa, ambayo leo ni TBC. Kanda ni kitu kinachooza. Hilo ni jambo la bajeti kuliko la sifa, na lingestahili kuulizwa bungeni mara nyingi kuliko linavyoulizwa.

Sasa mpira. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Sunderland ikafuata mwaka 1936, ikabadilishwa jina kuwa Simba mwaka 1971. Watangazaji huwaita watani wa jadi, na nitalirudia neno hilo hivi punde. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Ilitoka sare bila magoli kule Abidjan, ikahitaji ushindi tu nyumbani. Stella ikaja Dar es Salaam na kushinda mabao mawili kwa bila. Usiku ule hapa Singida kuna watu waliopiga madebe barabarani kwa furaha. Walikuwa Watanzania, na aliyeshinda alikuwa mgeni. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Yanga: fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger, wakafungwa 2-1 Dar es Salaam, wakashinda 1-0 Algiers, wakalikosa kombe kwa magoli ya ugenini. Kushinda fainali Algiers ni jambo ambalo mpenzi yeyote wa soka angelivulia kofia. Nikasikia tena madebe, safari hii upande wa pili wa barabara.

Na sisi wenyewe? Singida United ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2017/18, na msimu huo huo ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF, ikafungwa na Mtibwa Sugar 3-2. Ilikuwa timu yetu. Lakini Simba au Yanga ilipokuja Namfua, uwanja ambao baadaye ulipewa jina la LITI, niliwaona majirani zangu wamevaa jezi za mgeni, wakishangilia timu ya kilomita mia saba kutoka hapa ikiwafunga vijana wanaonunua mchicha soko moja nasi. Mwaka 2020 timu ikashuka daraja. Zikaja nyingine: Singida Big Stars mwaka 2022, Singida Fountain Gate mwaka uliofuata, kisha mwaka 2024 Ihefu ikahamia kwetu na kuitwa Singida Black Stars, ambayo Septemba 2025 ilitwaa Kombe la Kagame. Nilifurahi sana. Hata hivyo nilijiuliza: bendi ya NUTA ilibadilishwa jina mara tatu na wapenzi wake wakaendelea kuitambua kwa mlio. Je, timu yetu ikibadilishwa jina tena, kuna kitu chochote katika uchezaji wake ambacho tutakitambua? Timu huweza kuletwa na mwenye fedha. Mlio hauletwi, hukuzwa na watu wanaokaa jukwaani miaka mingi na kusema kweli kuhusu wanachokiona.

Mpira na siasa, kwetu, vimekaa nyumba moja. Mohamed Dewji, mzaliwa wa hapa, alikuwa Mbunge wa Singida Mjini kuanzia mwaka 2005 hadi 2015, kisha akawa mwekezaji wa Simba. Mwigulu Nchemba wa Iramba, Mwana Yanga anayejulikana, aliteuliwa Waziri Mkuu Novemba 2025. Tundu Lissu wa Ikungi aliingia bungeni mwaka 2010 kwa jimbo la Singida Mashariki. Tarehe 7 Septemba 2017 alipigwa risasi Dodoma na kuponea chupuchupu. Mwaka 2020 akagombea urais. Januari 2025 akawa mwenyekiti wa CHADEMA, na Aprili mwaka huo akakamatwa na kushtakiwa kwa uhaini. Iramba na Ikungi ni wilaya za mkoa mmoja. Alizeti ni ile ile, kuku ni wale wale. Sifa na lawama za hao wote nawaachia wenye kazi hiyo. Mimi naulizia masikio ya sisi tunaowasikiliza.

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, na uchaguzi wa kwanza ukafanyika mwaka 1995. Tulipaswa kuwa tayari. Tulikuwa tumefanya mazoezi ya miaka thelathini katika kumbi za dansi, ambako tuliweza kupenda bendi moja na bado tukakiri kwamba ile nyingine ina mpiga solo mzuri zaidi. Vijana Jazz ilikuwa bendi ya jumuiya ya vijana wa chama, na Hemed Maneti aliimba mapenzi yaliyomchoma kila mtu, mwenye kadi na asiye na kadi. Lakini tulipoingia katika siasa za upinzani tuliacha masikio mlangoni, tukachukua sare tu. Ukiwa upande huu, lolote lisemwalo upande ule ni uongo kabla halijasemwa. Mkutano wa hadhara umekuwa kama dansi lile la mwanzoni mwa miaka ya 1990: mume analalamika, magitaa yanaruka, na mke hapewi beti zake.

Wanamuziki walijaribu kutukumbusha. Profesa Jay alimchora mgombea wa ahadi tele katika "Ndio Mzee", na akaja kuwa mbunge mwenyewe, wa Mikumi, mwaka 2015. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake "Wapo", nao ukapigwa marufuku. Kisha Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Wengi walishangilia agizo lile. Mimi niliona kasoro ndani ya furaha yetu: wimbo ulifungwa na neno la mtu na kufunguliwa na neno la mtu. Sisi wapenzi hatukuulizwa mwanzoni wala mwishoni. Wimbo usikilizwe kwa sababu raia wanataka kuusikia, na ukiwa mbaya wauzomee wenyewe.

Uchaguzi wa Oktoba 2025 ulifuatiwa na vurugu na vifo. Nimezeeka nikiwa na nchi iliyojivunia kuzika wazee wake, na sikutegemea kuona ikizika vijana kwa sababu hiyo. Katika siku zile, mtandao ukiwa umezimwa, watu walirudi kwenye redio, na nilikumbuka lile neno la watangazaji wa mpira: mtani.

Mtani, kwa mila zetu, ni mtu mwenye ruhusa ya kukutukana. Anakuja kwako na kukuambia ng'ombe wako wamekonda kama mmiliki wao, anachukua kuku wako bila kuomba, nawe unacheka. Lakini ruhusa hiyo ina deni. Ukifa, mtani ndiye anayekuja msibani kuchangamsha waliofiwa. Hushika jembe, hubeba maji, husimamia mambo ambayo jamaa wameishiwa nguvu kuyasimamia. Asiyekuja kuzika hana haki ya kutania. Wazee walioziita Simba na Yanga watani hawakuchagua neno la mzaha. Waliziwekea sharti.

Bendi zetu zililitimiza sharti hilo kuliko timu, na timu kuliko vyama. Gurumo alipofariki Aprili 2014 na kuzikwa kwao Kisarawe, hapakuwa na maana yoyote ya kuuliza alikuwa wa Msondo au wa Sikinde. Alikuwa ameziimbia zote mbili. Aliyempenda kwa masikio alikuwa amefiwa, awe amekaa ukumbi gani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mdogo, na una gharama. Bendi usiyoishabikia ikija mjini, lipa kiingilio, kaa nyuma, sikiliza nyimbo tatu nzima kabla ya kusema. Timu ya mtani ikicheza na mgeni, angalau usipige debe. Mgombea usiyemtaka akija kwenye uwanja wa kijiji chako, nenda, na mtu akianza kumzomea kabla hajamaliza sentensi, mwambie anyamaze kama tulivyomwambia aliyeongea barazani wakati wimbo unaendelea. Akimaliza, mzomee ukitaka, maana sasa utakuwa unajua unazomea nini.

Mimi mwenyewe ni mtu wa Sikinde tangu mwaka 1978. Jumamosi hii nitapiga Msondo.